Uliona nini kweli?



Mwezi uliopita mama mumoja alinishika mukono sokoni, nilipokuwa nanunua sombe. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, binti yangu iko na miaka 15. Analota vitu, na vile vitu vinatokea. Baba yake ameanza kumuogopa. Nimufanye nini?" Watu walikuwa wanatusukuma kila upande, muuzaji alikuwa anangoja falanga zake, nikamwambia: nitakujibu. Nilipofika nyumbani niliona kwamba jibu si la kusema kwa njia. Basi nimeliandika hapa, juu ya yule mama, na juu yako wewe kijana unayesoma ukurasa huu peke yako nyuma ya nyumba kwa sababu kuna jambo hujamwambia mutu.

Kwangu ilianza nikiwa na miaka 14. Tulikaa Manika, katika parsele ya baba. Baba alikuwa amefanya kazi ya kampani miaka mingi, mpaka kazi ikaisha. Usiku mumoja nililota mama mudogo wa Likasi amekaa chini kwenye simenti, kichwa wazi, miguu imenyooka. Unajua kwetu mwanamuke anakaa vile siku gani. Siku ya tatu simu ililia: bwana yake amekufa.

Usifikiri nilifurahi. Katika vitabu vya mahubiri, mutu akipewa zawadi ya Roho anaruka kwa furaha. Mimi nilijifunika blanketi nikamuuliza Mungu: ni mimi nilimuua? Kwa maana kwetu, mutu anayejua kifo mbele ya wakati, watu hawamuulizi amejuaje. Wanamuuliza amefanya nini. Nilikaa na swali lile miezi mingi, na sikula vizuri, na mama alifikiri nina mimba. Mama wa sokoni, kama binti yako ananyamaza sana, labda ni swali hilo linalomukaa kooni.

Nilimwambia nkambo tu. Yeye ni mama ya baba, Mukatoliki wa zamani wa Ruwe; sisi wengine tulikuwa tumekwenda kwa Waprotestanti, na yeye alituchekea tu. Aliniuliza: "Ule baba ulimupenda?" Nikasema ndiyo. "Basi haukumuua. Lala."

Baadaye nilisoma habari ya Samweli na nikaona kitu ambacho mwalimu wetu wa shule ya Siku ya Mungu hakutuonyesha. Sisi watoto tulifundishwa kwamba Samweli alisikia sauti. Lakini hakuijua ile sauti! Aliamuka mara tatu akamukimbilia muzee Eli, na Eli ambaye macho yake yalikuwa yamefifia ndiye aliyeelewa ni nani anayeita. Na asubuhi Samweli hakwenda kupiga kelele mbele ya watu. Alifungua milango ya nyumba ya Mungu, kazi yake ya kila siku, na aliogopa kusema. Mutoto mwenye zawadi, na bado alihitaji muzee, na bado milango ilingoja kufunguliwa.

Mimi sikungoja muzee. Mwaka wa 2014 nilikuwa na miaka 16, na katika avenyu yetu kulikuwa chumba cha maombi. Sitasema ni kipi, na mukubwa wake sitamutaja. Kwanza nilikwenda kuimba. Siku moja nikasema ndoto juu ya mama mumoja aliyekuwa analia mutoni. Yule mama akaanguka chini, akasema ni kweli, ni kweli. Kuanzia siku ile walinipa kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe. Wazee wa miaka 50 walinisalimu kwa mikono miwili. Nani kijana anakataa kitu kama hicho? Nyumbani nilikuwa ni mutoto wa kuosha masufuria, pale nilikuwa "nabii mudogo".

Mwaka ule ndio Kasulo ilifunguka. Wale wa hapa munakumbuka: mutu alichimba katika parsele yake akakuta kobalti, na kisha kila mutu akaanza kuchimba, katika chumba cha kulala, katika jikoni, chini ya muembe. Wakati ule tulikuwa bado jimbo la Katanga. Lualaba ilikuja kuwa jimbo mwaka uliofuata. Wachimbaji wanashuka ndani ya shimo refu kuliko nyumba, kwa kamba na miguu mitupu, na hakuna anayejua kama mbele yake kuna mushipa wa jiwe ao udongo mutupu. Mutu wa namna hiyo anataka nabii kuliko mukate. Walikuja usiku na nguo nyekundu za vumbi, wakaniuliza: tuchimbe wapi? Sahani iliwekwa mbele yangu. Mimi sikugusa zile falanga, lakini mukubwa alizihesabu, na mama alipata mufuko wa unga mara mbili. Tulikula bukari ile na tukashukuru.

Hapa nataka kukuambia jambo la haya. Usiku mwingine sikuona kitu. Kabisa, giza tupu. Asubuhi vijana wane walikuwa wanangoja, wamefunga tangu jana. Nikasema: "Naona mawe meusi karibu na ukuta, upande wa jua linapotoka." Nilijisikia nikisema, sauti ilikuwa nzuri. Walichimba wiki tatu upande ule. Walikuta udongo, na deni kwa yule aliyewalishia chakula na kuwanunulia kamba. Mumoja wao alirudi akanitazama tu. Hakunitukana. Alifikiri ni zambi zake zilizofunga jiwe.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 kuna kijakazi wa Filipi ambaye alikuwa anatabiri, na mabwana zake walipata faida nyingi kwa njia yake. Paulo alipomufungua, hawakufurahi kwa ajili ya mutoto wa watu. Walikasirika juu ya mapato. Nimesoma ile sura mara nyingi. Mimi nilikuwa na Roho wa Mungu, naamini, lakini kiti changu kilikuwa ni kile kiti cha Filipi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa sababu linaniuma.

Nyumbani kulikuwa mutoto wa marehemu yaya yangu, kijana wa miaka 8. Yaya alikufa wakati wa kuzaa mutoto wa pili. Kijana yule alikuwa kimya, alikojoa kitandani, na usiku alitembea-tembea. Wakati ule baba alianza kugonjwa. Alikonda, kidonda cha muguu hakikupona, alilegea mpaka alishindwa kwenda kanisani. Nikalota: kijana amekaa chini kwenye kitanda cha baba, ameshika mushumaa uliozimika. Ni hiyo tu. Niliisema kwenye chumba cha maombi jinsi ilivyokuwa.

Mukubwa wa chumba alifunga macho. Akasema: "Mushumaa ni maisha ya baba yako. Mutoto ameuzima. Mutoto ni mulozi." Watu wote wakasema amina. Na mimi, msomaji, sikusema kitu. Nilikuwa kwenye kiti cheupe, na maneno yale yalikuwa yamejengwa juu ya ndoto yangu. Nilifikiri labda yeye anaona pale ambapo mimi sioni.

Walimuleta kijana, wakamufungia katika kachumba ka nyuma ili afunge siku tatu, bila chakula, bila maji, mpaka aseme. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili hakulia tena. Nilikuwa naimba na wengine upande huu wa ukuta, na nikasikia akiniita: "Mama mudogo, mayi." Niliimba kwa nguvu zaidi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Mama alituma neno Ruwe, kwa siri. Nkambo alifika jioni ya siku ya pili juu ya pikipiki, yeye ambaye aliapa hatapanda pikipiki maisha yake yote. Hakuingia kwenye chumba cha maombi. Aliniita inje, akakaa juu ya kisiki, akaniuliza:

"Uliona nini?"

Nikaanza: niliona mutoto akizima maisha ya baba...

"Hapana. Uliona nini kweli? Sema tena."

"Mutoto iko anakaa kwa kitanda ya baba. Iko na mushumaa. Umezimika."

"Ulimuona akiuzima?"

"Hapana, nkambo."

"Uso wake ulikuwa wa hasira?"

"Hapana. Ulikuwa wa usingizi."

"Basi ule mulozi, nani alimuona?"

Sikujibu. Nani alimuona? Hakuna mutu aliyemuona. Mimi niliona mutoto mwenye usingizi na mushumaa; yale mengine yaliongezwa kinywani.

Ili uelewe namna nkambo alivyojua kuuliza vile, lazima nikupe habari kidogo ya muji wetu, kwa maana vijana wengi wa Kolwezi hawaijui. Ni hapa kwetu, Ruwe, katika miaka ya 1950, ambapo padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka wa 1945 kitabu juu ya filosofia ya Wabantu, alianza kukaa na wafanyakazi wa mugodi na wake zao. Kutoka kwao ilizaliwa Jamaa, ambayo ilienea katika makambi ya wafanyakazi ya Katanga na ya Kasai. Watu waliitana baba na mama, wakafundishana kwa Kiswahili, na ndoto zilikuwa na nafasi kubwa. Nkambo na bwana yake walikuwa ndani. Alisema kwamba mutu hakuwa anaamuka na ndoto na kuipeleka moja kwa moja barabarani. Ilipelekwa kwa baba na mama waliomutangulia, nao wakaigeuza-geuza, wakauliza kama anavyouliza mutu anayenunua kuku. "Ndoto ni muhogo mukali," alisema. "Unaiweka kwanza mu mayi. Mwenye kuikula mubichi anakufa, na anaua wageni wake."

Na yeye mwenyewe hakuficha kwamba hata pale mambo yaliharibika. Kulikuwa watu, wakaitwa Katete, waliotumia umoja wa roho na ndoto kufunika tamaa za mwili, na Jamaa yote ikapata jina baya mbele ya maaskofu. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka wa 1962 na akafa kule mwaka wa 1977. Nkambo alisema: "Tulikuwa na wazuri, tulikuwa na bongo. Njo vile batu biko."

Tuliingia pamoja. Nilisimama mbele ya kile kiti, sikukaa. Nilisema: "Niliona mutoto na mushumaa. Sikuona bulozi. Na wale vijana wa Kasulo, niliwadanganya, sikuona kitu." Miguu ilikuwa inatetemeka hata nkambo alinishika nguo nyuma. Mukubwa akasema Roho ameniacha na roho nyingine imeniingia. Hakuna aliyesema amina, lakini hakuna aliyekuja kwetu pia. Nkambo alifungua kachumba kale mwenyewe.

Tulimupa kijana maji kidogo-kidogo. Alipopata nguvu nilimuuliza, nikilia, ni nini alikuwa anafanya usiku karibu na kambo yake. Akashangaa kwamba sijui. Akasema: "Kambo anasikia kiu kila usiku. Ananiita mie, juu ya mie niko karibu. Ninamupa mayi. Kisha ninazima mushumaa, usiishe."

Kesho yake tulimupeleka baba hospitali. Walipima damu: sukari. Ile kiu yote, ule mukojo, kile kidonda, kule kukonda, ni ugonjwa wa sukari, na muganga alituuliza kwa nini tumechelewa. Walimukata vidole viwili vya muguu. Aliishi tena miaka mine.

Sasa utaniuliza: ile ndoto ilitoka kwa Mungu? Ilikuwa kweli mara mbili. Mutoto alikuwa pale, na mushumaa ulikuwa umezimika. Kama tungeuliza tu, "kwa nini yuko pale?", tungejua juma zima mbele ya muganga. Lakini inawezekana pia kwamba nilisikia miguu yake usiku, na kichwa changu kikafanya picha. Nilimuuliza pasteri wetu. Akacheka kidogo, akasema: "Mungu hana haki ya kutumia masikio yako?"

Pasteri yule hakunikataza, na hakunirudisha kwenye kiti. Alinifungulia 1 Wakorinto 14, pale Paulo anapotaka manabii waseme wawili ao watatu, na wengine wapime. Wengine wapime! Mimi nilikuwa nimefikiri kupima ni kukosa imani. Akanionyesha Natani, ambaye alimwambia mufalme Daudi ajenge nyumba ya Mungu, na usiku uleule Mungu akamurudisha kusema kinyume. Nabii mukubwa, na ilibidi arudi kusema: lile la jana lilikuwa langu mimi. Niliwatafuta wale vijana wane wa Kasulo. Niliwapata wawili.

Alinieleza pia habari ambayo sijaisahau, ya Tomo Nyirenda wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka wa 1925 alibatiza watu upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na kisha akavuka mpaka akaingia Katanga yetu. Alijiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Ubatizo wake ulikuwa ni kipimo: mutu ambaye maji hayakumufunika vizuri, huyo ni mulozi. Waliuawa watu zaidi ya 100, wengi kwa mapenzi ya vijiji vyao wenyewe. Alinyongwa mwaka wa 1926. Wale waliomufuata hawakuwa watu wabaya. Waliimba, walisali, walitaka kijiji kisafi. Niliposikia hivyo nilikumbuka namna nilivyoimba kwa nguvu kando ya ule ukuta.

Wazazi, mujue pia sheria. Katiba ya inchi ya mwaka wa 2006 inakataza kumushitaki mutoto kwamba ni mulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaweka azabu. Watu wengi wa chumba kile hawakujua. Mimi pia.

Kisha mwaka muzima na zaidi sikulota kitu. Nilifikiri imeisha, na, nitasema kweli, nilifurahi na nikasikitika. Ilirudi polepole. Leo niko na kaye. Ninaandika ndoto na tarehe, vile ilivyokuwa, bila kuongeza hata rangi. Ninaipeleka kwa pasteri na kwa mama wawili wa kanisa, na mumoja wao lazima awe mutu anayemupenda yule niliyemulota. Falanga, hapana, hata mufuko wa unga. Mara nyingi wananiambia: ngoja. Mara nyingi hakuna kitu.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka katika karieri ya KOV, hapa kwetu, na wachimbaji zaidi ya 30 walikufa. Juma lile, karibu kila chumba cha maombi kilikuwa na mutu aliyesema: mimi niliona. Mama mumoja wa kanisa alinijia akaniuliza kama mimi pia nimeona. Nilifungua kaye, nikarudisha kurasa za mwezi muzima. Nilikuwa nimeandika ndoto ya mbuzi, na ndoto ya harusi. Nilimuonyesha. Tukakwenda wote wawili kwenye matanga, tukabeba maji na makaa.

Kijana wetu sasa ni mukubwa kuniliko, anajifunza kazi ya mekaniki. Tunapendana. Lakini halali katika chumba kilichofungwa. Hata wakati wa baridi ya mwezi wa 6, mulango wake unabaki wazi, na sijamuuliza kamwe aufunge.

Mama wa sokoni, muniletee binti. Siku ya Mungu, kisha ibada, niko nyuma ya kanisa pale wanapopika chai. Aje na kaye mupya na kalamu. Na kama kuna mutu aliyemulota, mwambie aje na yeye.